Kabla hujauliza GB ngapi, utazame mdomo

Shaabani iliyopita nilirikodi harusi tatu ndani ya siku kumi na moja, mbili za hapa mjini Unguja na moja ya Wete, Pemba. Wanaonisoma wanaijua kazi yangu: nakamata upande wa wanawake tu, kule kamera ya mwanamme haiingii. Biharusi nywele nje, hina mpaka viwikoni, somo yake ubavuni, mawifi wanacheza mpaka jasho. Picha hizo hazitoki nje. Watu hawanilipi kwa kuwa napiga vizuri (napiga vizuri, lakini si hilo), wananilipa kwa kuwa najua kuziweka.

Zote tatu nilizitia kwenye diski moja ya nje ya 2TB, mpya, niliyoinunua kiasi cha mwezi kabla, Mlandege, hapahapa mjini. Kampuni siitaji, duka silitaji. Siku ya nne tangu nirudi Pemba nimekaa nakata video, laptopu ikalia ting-tong, diski haipo tena kwenye skrini. Nikausogeza waya kidogo kushoto, ikarudi. Dakika tano, ting-tong. Nikachukua kijaluba cha marehemu bibi, nikakiweka chini ya waya uinuke, ikatulia robo saa nzima na mie nikajiona fundi. Nikainuka kusali. Niliporudi niligusa meza tu, na kile kidude cha chuma cha kwenye diski kikabaki kimeng'ang'ania ncha ya waya. Mdomo umeng'oka mzimamzima.

Fundi aliifungua, akaitazama, akacheka.

"Dada, mdomo wa hii umelehemiwa kwenye ubao wa diski yenyewe. Soketi nyengine humu hamna. Niachie mpaka kesho."

"Siachi."

"Nina kazi kumi mbele yako, dada."

Nikamwambia nitazisubiri zote kumi. Nikavuta kigoda, nikakaa tangu baada ya adhuhuri mpaka adhana ya magharibi, macho kwenye mikono yake. Akavua mdomo kwenye diski nyengine iliyokufa, akaulehemu kwenye yangu, diski ikasoma. Laptopu niliyochomeka ni yangu, si yake. Nikakopi palepale juu ya meza yake ya vumbi. Harusi mbili za mjini zikatoka salama. Ya Wete ilifika asilimia 38, diski ikaanza kugonga: tak, tak, tak. Ikanyamaza.

Najua mtaniuliza nakala ya pili ilikuwa wapi. Memori kadi nilishazifuta ili nirikodi harusi iliyofuata. Haya, nimekiri, tuendelee.

Tangu nisimulie kisa hiki swali ninaloulizwa ni moja: sasa ninunue ipi? Nitajibu, lakini kwanza tuelewane kitu kinakaa wapi, maana kila wiki napata mtu ananiambia "laptopu yangu ina memori ya 8, imejaa picha". Siyo, shoga yangu. Hiyo 8GB ni RAM. RAM ni sinia: mnapakua, mnakula, mkimaliza linaoshwa. Umeme ukikatika hujahifadhi kazi yako, sinia limeshaoshwa. Diski ndiyo stoo, ulichokiweka kinabaki umeme uwepo usiwepo. Kote kuwili mna sifuri na moja tu, nane zikikaa pamoja zinaitwa baiti, na baiti moja inatosha kuandika herufi "a" na basi. MB ni kiasi cha baiti milioni, GB ni bilioni, TB ni trilioni. Mengine yote, kuanzia barua mpaka biharusi anayelia, ni hizo hizo zimerundikwa. Tofauti ni zinaandikwa juu ya nini.

Diski ya kuzunguka inaandika kwa sumaku. Ndani mna visahani vinavyong'aa kama kioo, kwenye hizi ndogo za kubeba kwa kawaida vinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake. Waliokulia nyumba yenye gramafoni watanifahamu: ni santuri na sindano, ila hapa sindano haigusi. Inaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo hata chembe ya moshi haipenyi. Ukiidondosha inapozunguka, au umeme wake ukiukatakata kwa waya unaolegea, unachezea nafasi hiyo. Kichwa kikikwaruza sahani, kilichoandikwa pale kimekwenda. Ile tak-tak ni kichwa kinachotafuta njia na hakioni. Diski ya kwanza ya namna hii waliitoa IBM mwaka 1956: sahani 50, uzito unapita tani moja, na haikufika hata MB 4. Picha yangu moja isingeingia.

SSD, flashi na memori kadi hazina kinachozunguka. Ni chembe za umeme zimenaswa ndani ya vyumba vidogo vya chipu, vimezibwa pande zote, chumba chenye umeme na kisicho nao ndiyo moja na sifuri zenyewe. Mvumbuzi wake ni Fujio Masuoka, alipokuwa Toshiba kule Japani, miaka ya 1980. Ukiidondosha haijali. Lakini kila unapoandika unachosha kuta za vile vyumba, na ukiifungia kabatini miaka bila kuitia umeme, khasa penye joto, umeme ule huvuja kidogo kidogo. Kwa hiyo SSD ni ya kufanyia kazi, si ya kuzikia kanda ya harusi mpaka wajukuu.

Na ile 1TB inayoonesha 931GB kwenye Windows, msiwagombeze wauzaji. Nina mengine ya kuwagombeza. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Diski ni nzima.

Sasa mdomo.

Kasi, GB na rangi zimeandikwa juu ya boksi, someni wenyewe. Kisichoandikwa ni hiki: waya unaingia wapi, na mahali hapo pameshikiliwa na nini. Kwenye simu mafundi wanapaita sistimu chaji. Kwenye diski sijasikia jina, mie napaita mdomo. Diski nyingi za kuzunguka madukani kwetu bado zina ule mdomo bapa, mpana, wa vipande viwili, unaoitwa Micro-B. Ni mwembamba, umeshikwa na vitone vya lehemu, na waya unaokuja nao ni mfupi na mgumu kama wa pasi. Kila ukiisogeza laptopu, waya ule unafanya kazi ya mtaimbo. Leo milimita, kesho milimita.

Tia na hewa yetu. Mie nakaa Mazizini, bahari naiona nikianika nguo. Kusi ikianza kuvuma, acha mkasi juu ya meza karibu na dirisha, baada ya wiki tatu kautazame. Pini za ndani ya mdomo ni shaba iliyopakwa dhahabu nyembamba, ikishakwanguka chumvi inaingia, unaona kijani. Boksi limeandikwa inastahamili kudondoka, limeandikwa inakwenda na Mac na Windows, hakuna lililoandikwa inastahamili Mazizini.

Halafu kuna ubao. Nililipa harusi nzima kujifunza hili, nyinyi mnalipata bure. Diski za nje ni za namna mbili. Ya kwanza, ndani mna diski ya kawaida kama ya laptopu, yenye soketi ya SATA (ile ya kuunganishia diski ndani ya kompyuta), na mdomo wa USB umekaa kwenye kijibao chake mbali. Mdomo ukifa unatupa kijibao, diski unaitia kwengine, data ipo. Ya pili, mdomo wamelehemu juu ya ubao wa diski wenyewe, SATA hamna. Ni rahisi kutengeneza na inakuwa nyembamba. Mdomo ukifa, kati yako na picha zako kuna mkono wa mtu mmoja mwenye pasi ya lehemu. Baadhi hata zina chipu ya kufunga data kwa siri kwenye ubao huohuo, basi ubao ukiungua hata kuubadilisha hakukusaidii. Kwa nje zote ni boksi jeusi. Muuzaji hajui, na ukimuuliza anakutazama kama umemuuliza mama yake kazaliwa mwaka gani.

Kabla sijazipanga, siri moja kwa wenye Micro-B sasa hivi: waya wake mpana ukifa na hupati mwengine, ule waya wa zamani wa kuchajia simu, Micro-USB, unaingia kwenye nusu kubwa ya mdomo ule. Diski itasoma. Itakwenda polepole, mwendo wa USB 2.0, ile ya zamani, lakini utatoa vitu vyako.

Namba moja: SSD ya laptopu ndani ya kasha

Hamkuitarajia, najua. Unanunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, ile ya kutia ndani ya laptopu, na kasha lake tupu lenye mdomo wa USB-C. Unaisukuma mpaka iingie, unafunga kifuniko. Sekunde kumi, bisibisi hata huihitaji kwenye makasha mengi. Mdomo ukilegea unatupa kasha, unanunua jengine, na hakuna kijana anayeona nywele za mtoto wa mtu.

SSD ichukueni Samsung 870 EVO. Mie ni mtu wa Samsung, nasema wazi, na sijapewa hata kofia. Dhamana yao ni miaka 5, na ya 1TB wanaidhamini kuandikwa mpaka TB 600. Piga hesabu: kamera yangu kwa video ya 4K, ile ya ubora wa juu, inaandika megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa nane ni MB 12.5, kwa saa ni GB 45. Harusi ya saa nne kwa kamera mbili ni GB 360. Kuzimaliza hizo TB 600 nahitaji harusi zaidi ya 1,600. Nitakuwa nimeshazikwa. Kuna nyengine pia, mtanitajia kwenye ujumbe, nazijua, mie nimesema Samsung.

Kasha nalitumia la ORICO, lile la plastiki unaona mpaka ndani. Na kama una laptopu iliyovunjika skrini imelala chini ya kitanda, itoe diski yake, itie kwenye kasha hilohilo. Tayari una diski ya nje.

Ubaya wake? Si nzuri machoni. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeitengeneza mwenyewe.

Namba mbili: Samsung T7

Tena Samsung, ndiyo. Inakaa kiganjani, uzito gramu 58, mdomo ni USB-C, mdogo na mzito, waya unaingia juu chini vyovyote. Kampuni inasema inasoma mpaka MB 1,050 kwa sekunde, lakini hiyo inataka laptopu yenye USB ya kasi hiyo, na laptopu nyingi tunazonunua za mtumba hazinayo. Kuna T7 Shield yenye gamba la mpira, imepimwa IP65, yaani vumbi na maji ya kurushwa hayaingii. Kwa anayekwenda na boti Pemba na mkoba umewekwa chini, hiyo Shield ndiyo. Mbona si ya kwanza basi? Kwa sababu mdomo na data huwezi kuvitenganisha kama kwenye kasha. Mdomo wake ni bora, lakini ni mmoja tu.

Namba tatu: diski ya kuzunguka, ila ya kukaa nyumbani

Kwa stoo ya miaka bado hizi zina thamani, kwa kuwa TB moja yake ni rahisi kuliko ya SSD. Transcend StoreJet 25M3C. Shikeni hiyo C ya mwisho, ina maana mdomo ni USB-C. 25M3 bila C ni ule mdomo bapa, na madukani zinachanganywa. Transcend hawatengenezi diski za kuzunguka wenyewe, wanaobaki duniani kuzitengeneza ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Wananunua, wanaitia ndani ya gamba la mpira. Moja niliifungua kwa mkono wangu, nikakuta SATA na kijibao mbali. Nilifurahi kama nimekuta pesa kwenye mfuko wa buibui.

Hii usiibebe. Iweke ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vile ndivyo vinavyovuta unyevu. Mchele hauna kazi hapo, upikeni.

Namba nne: flashi na memori kadi

Kingston, SanDisk, kwa kupeleka faili la kuchapisha na kurudi. Si za kuhifadhia. Faili likipita GB 4 flashi ikakataa, ifomati kwa mpangilio wa exFAT badala ya FAT32. Zile flashi za "2TB" za bei ya sahani ya biriani ni chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo: inapokea kila unachoitia, na ikishajaa kikweli inatupa au inaandika juu ya vya zamani. Mna programu ya bure, H2testw, inaijaza mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Nimemaliza.

Ukifika dukani

Nenda na laptopu yako, na sauti uifungulie mpaka mwisho. Chomeka diski, anza kukopi faili kubwa, kisha uguse waya kwa kidole kimoja, juu, chini, kushoto, kulia, taratibu. Ukisikia ting-tong, shukuru, rudisha. Muuzaji akikwambia "usiuguse waya, anti", mwambie nyumbani kwako kuna watoto na paka.

Halafu fungua CrystalDiskInfo, ni ya bure pia, utazame saa ambazo diski imekaa imewashwa. Mwezi uliopita nilipewa diski "mpya kabisa", boksi lina nailoni. Nikaichomeka: saa 6,214.

"Hizo za kiwandani, anti," kijana akaniambia. "Wanaijaribu kwanza."

"Miezi minane wanaijaribu?"

"Kiwandani hawalali, anti."

Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika. Nilipotoka nje nikakasirika. Ukutani kwake pana karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mteja arudishe nini, na bei hata haikuandikwa? Hilo ndilo linalonichoma kuliko mdomo. Duka lina kioo, lina taa, lina kiyoyozi, bei hakuna. Unauliza mtandaoni unaambiwa njoo inbox. Unakwenda inbox unaulizwa uko wapi. Kasha langu la ORICO nilianziwa 60,000, nikashuka nalo ngazi kwa ngazi mpaka 35,000, nikajisifu njia nzima. Shemeji yangu kaenda wiki ileile duka lilelile, kavaa kanzu, kasalimia tu, kapewa kwa 25,000. Na ukisema ungeagiza Bara, unaongeza nauli ya mzigo, unaongeza bandarini, mwisho unarudi kwa yuleyule kijana wa saa 6,214 na anakukaribisha kwa jina.

Jambo moja la mwisho kwa wanaouza diski na laptopu zao za zamani, khasa wanawake wenzangu. Kufomati kule kwa haraka hakufuti kitu kwenye diski ya kuzunguka. Kunachana orodha ya yaliyomo, kurasa zenyewe zipo, na programu za kuzisoma ni za bure. Ondoa ule mfomato wa haraka, ufanye ule mrefu unaochukua masaa, au usiuze.

Ya Wete bado ninayo. Kuna wanaofungua diski za namna ile ndani ya chumba kisicho na vumbi, wakabadilisha kichwa, wakatoa kilichomo. Nilimpigia mama wa biharusi nikamweleza: itabidi ipelekwe mbali, watakaoifungua siwajui, na ili wajue kama imesoma lazima wafungue picha watazame. Akanyamaza, nikasikia kuku wake. Kisha akasema, "Wanaume?" Nikamwambia huenda. Akasema basi mwanangu, usiipeleke popote, njoo nayo tuivunje.

Mfungo Mosi nakwenda, anaozeshwa mdogo wake biharusi. Safari hii nabeba makasha mawili, na ile mbovu. Nyundo kasema anayo.